Baraza za Hori la Funguni

Malindi, Mjini Unguja
24 Juni 2024

Dada yangu Bi Mwanapili,

Shikamoo. Kalamu hii nimeishika kwa mkono wenye chokaa, kwa hiyo usinilaumu kwa madoa. Najua una simu na mimi ninayo, lakini jambo kama hili ukilisema kwenye simu linakwisha kabla hujalifaidi. Tahir atakuletea barua pamoja na vikapu vyake akishamaliza kuuza samaki, kama kawaida.

Umesikia habari ya njia mpya? Wanataka kutengeneza njia ya waendao kwa miguu kando ya hori la Funguni, ule mkono wa bahari, kutoka kwetu Malindi mpaka Gulioni, pale pale watu wanapotupa maganda ya nazi na matairi. Haitapita vespa wala gari ya ng'ombe, ni miguu tu. Ofisi ya mradi ilituita wananchi uwanja wa skuli, ikabandika michoro ukutani. Nikaiangalia. Kila baada ya hatua hamsini wamechora viti vya chuma vyenye matundu, vya aina ile ya kungojea daktari.

Dada, sikuweza kunyamaza. Nikasimama nikasema, "Mimi ni Mabrouk, fundi wa chokaa, nnashika mwiko tangu nna miaka kumi na nne. Mji huu haujui viti vya kungojea. Mji huu una baraza za mawe. Mkituwekea chuma mtakuwa mmetutengenezea njia ya mji mwengine." Watu walipiga makofi mpaka mhandisi akaweka kalamu chini. Mhandisi mwenyewe ni msichana, anaitwa Ulfat, kasoma chuo kikuu cha Tunguu.

Jana wameniita. Nijenge baraza nne kwenye kipande cha mfano, hatua mia mbili kutoka upande wetu. Watu wakizipenda, njia nzima hadi Gulioni itakuwa na baraza zangu. Wakizikataa, wanarudi kwenye chuma. Chokaa ninayo, niliilaza shimoni tangu mwaka juzi wakati wenzangu wote wananicheka na mifuko yao ya saruji. Nina miaka sitini na moja. Nimekarabati nyumba za watu maisha yangu yote, na hakuna hata moja inayotajwa kwa jina langu. Hii itatajwa.

Wifi yako Ummukulthum anakuamkia. Mimi ni nduguyo, ambaye leo ukinigusa nitaongea mpaka kesho,

Mabrouk


Chwaka
28 Juni 2024

Mdogo wangu Mabrouk,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa kalamu nyekundu, maana ualimu hautoki mwilini. Umeandika "mimi" mara nyingi mno. Ila safari hii nimekusamehe, kwa sababu kila nilipoifikia nilitabasamu. Nimemsomea Bi Mwatum jirani yangu, akasema, "Huyo kakako ana maneno." Nikamwambia ni mdogo wangu, na maneno alikuwa nayo kabla ya meno.

Nimefurahi kwelikweli. Daktari wangu ananiambia nitembee kila siku kwa ajili ya sukari, na huku kwetu ukitembea bila ya kwenda pahala watu wanakuuliza umepoteza nini. Njia ya kutembea tu, kwenye mji niliozaliwa, naitamani.

Nina swali moja, na nataka unijibu hilo, usinijibu habari za chokaa. Baraza zako zitatazama wapi? Na njia yenyewe ina upana gani?

Dada yako,
Mwanapili


Malindi
30 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na mawe mikononi. Zimekwisha. Baraza nne, kila moja urefu wa hatua nane, pembe zake nimezizungusha ili mtoto akianguka asiumie. Lipu nimeipiga mara tatu, kisha nimeisugua kwa jiwe laini siku nne mfululizo mpaka ukipitisha kiganja unadhani ni shavu la mtu. Hakuna tone la saruji. Muhiddin, yule fundi mwenzangu mwenye ulimi, alizizunguka mara mbili akitafuta kasoro, mwisho akakaa. Akakaa saa nzima. Kwa Muhiddin hiyo ni sifa ya mwaka.

Umeuliza zinatazama wapi. Dada, kwani baraza hutazama wapi? Zinatazama watu. Maji yako nyuma, njia iko mbele, hatua nne kutoka ukingo wa baraza hadi ukuta wa maghala. Mtu akipita yuko karibu, unamwamkia, anakuamkia, unamuuliza wazee hawajambo. Ndiyo raha ya mji wetu.

Kufungua ni Jumamosi, tarehe kumi Agosti, baada ya sala ya alasiri. Nataka uwepo. Baba na mama hawapo, na wewe ndiye uliyenifundisha kusoma namba za futi kabla sijaingia skuli. Nimekuwekea nafasi kwenye baraza ya kwanza, nitamwondoa mtu ikibidi.

Nduguyo,
Mabrouk


Chwaka
13 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Niwie radhi sikuja. Goti langu la kulia lilivimba tangu Ijumaa, na kukaa garini mwendo wote ule sikuweza. Najua ulinitazamia. Tahir ameniambia palijaa watu na ulivaa kanzu niliyokupa Idi. Mungu akulipe kila jema kwa kazi ya mikono yako.

Dada yako,
Mwanapili


Malindi
27 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Sitaficha, iliniuma. Nilikaa pale mpaka magharibi nikitazama kila mwanamke aliyetokea upande wa Malindi nikidhani ni wewe. Hawakuwa wengi, kwa hiyo haikuwa kazi kubwa.

Na hapo ndipo penye balaa. Yule msichana Ulfat ameweka watu wawili wenye daftari, mmoja kila mwisho wa kipande, wanaandika nani kapita. Wiki mbili. Jana kaniita ofisini, kanionesha. Wanaume elfu moja mia moja na arubaini. Wanawake sitini na tatu, na kati ya hao arubaini ni watalii. Akasema kwa sauti ya upole, "Fundi, njia hii ni ya watu wote. Baraza zako nzuri, lakini wanawake hawapiti." Nikamwambia wanawake wa mji huu wana kazi, hawana nafasi ya kuzurura. Akanijibu, "Wanapita Darajani kwenye vumbi na honi, mwendo mara mbili." Nikamwambia basi wamezowea. Nikaondoka bila ya kuaga, na sijawahi kutoka kwa mtu bila ya kuaga.

Jumamosi tarehe kumi na nne Septemba kuna mkutano wa kuamua. Wakisema hapana, zitang'olewa, na njia yote itawekwa chuma. Jina langu litabaki kwa kuvunjwa. Watoto wa Muhiddin watakuwa wanaoneshana, hapa ndipo Mabrouk alipojenga upuuzi wake.

Nimemuuliza mke wangu, nikamwambia wewe mwanamke, sema. Akasema, "Mimi n'na kazi zangu," akaendelea kuchambua mchele.

Nakuomba kitu kimoja. Watu bado wanakutaja hapa, mwalimu mkuu Bi Mwanapili. Niandikie barua nikaisome mkutanoni. Useme tu kwamba wanawake wa mji huu hawana tatizo na baraza, wamezaliwa nazo. Wewe ukisema, Ulfat atafunga daftari lake.

Nduguyo mwenye shida,
Mabrouk


Chwaka
31 Agosti 2024

Mabrouk, mdogo wangu,

Marahaba. Barua uliyoitaka siwezi kuiandika. Kaa chini usome hii mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Goti langu halina kitu. Nilikuja.

Nilipanda gari ya saa saba, ikachelewa njiani, nikiwa na baibui jipya nililolinunua kwa ajili ya siku yako. Nilitokea upande wa Malindi saa kumi na moja, watu wa hotuba wameshaondoka. Nikaziona. Umesema uongo kwenye barua, ni nzuri kuliko ulivyoandika. Zilikuwa nyeupe na jua limelala juu yake, na nilitaka kumshika mkono mtu yeyote nimwambie, hizi kajenga mdogo wangu.

Halafu nikakuona. Ulikuwa baraza ya kwanza, mguu mmoja umeupandisha, unacheka, na Muhiddin ubavuni na wengine saba. Nyote mmeitazama njia. Nilikuwa nimebakisha hatua thelathini. Nikasimama. Mimi mwenye miaka sitini na saba, niliyeongoza skuli ya watoto mia nane, niliyewahi kumfokea mkaguzi mbele ya walimu, nilisimama nimevuta baibui usoni, nikijifanya natafuta kitu mkobani. Kisha nikageuka. Nikazunguka Darajani, nikapanda gari, nikarudi Chwaka. Njiani nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu.

Hutaelewa, kwa hiyo nitakueleza. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Majibu ya mtihani yalitoka, nikawa wa kwanza katika skuli zote za mjini. Nilikimbia na ile karatasi tangu skuli. Nilipofika mwanzo wa mtaa wetu, baraza ya nyumbani imejaa, baba na marafiki zake. Nikafanya nilivyokuwa nikifanya kila siku: nikazunguka uchochoro wa nyuma, nikaruka lile dimbwi, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Wewe ulikuwa na miaka saba. Ulikuwa umeshasikia habari kwa watoto wenzako na umeshampelekea baba. Nikiwa jikoni, nahema, karatasi mkononi, nilisikia baba anavyojivuna mbele ya watu: binti yangu huyu, binti yangu huyu. Na wewe uko mapajani mwake unapewa kahawa. Watu wote walisherehekea majibu yangu isipokuwa mimi.

Wazee wale hawakuwa wabaya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikosea adabu. Lakini mwanamke akipita mbele ya baraza anakuwa habari. Binti wa nani, anatoka wapi, anakwenda wapi, na mbona saa hizi. Nyinyi mnaiona salamu. Sisi tunaona macho kumi na nane. Kwa hiyo tumejifunza kuzunguka, na tumejifunza tangu wadogo hata hatujui tena kwamba tunazunguka. Muulize wifi yangu anapita njia gani kwenda sokoni. Usimuulize mbele ya mchele, muulize kwa upole.

Ulitaka kuwatengenezea watu njia ya mji wao. Ni kweli, umewatengenezea, mpaka na makosa yake.

Zigeuze, Mabrouk. Zitazame maji. Walioketi wataona hori, na wanaopita watapita.

Nakupenda, na bado nataka uone haya kidogo,
Dada yako Mwanapili


Malindi
3 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo.

Baraza haimpi mtu mgongo. Hata fundi wa siku mbili analijua hilo. Mgeni akipita akakuta visogo tisa vimepangwa atasema watu wa Unguja wameacha adabu. Utamwamkiaje mtu kwa kisogo? Hicho unachotaka si baraza, ni ukuta wenye watu. Afadhali waweke chuma chao.

Na ulinidanganya habari ya goti. Nilikuombea dua kwa ajili ya goti lile.

Mabrouk


Chwaka
17 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Wiki mbili hujaandika, nami sikutaka kukusukuma. Lakini leo Tahir ananiambia hukutokea mkutanoni Jumamosi, na jana asubuhi akipita Funguni amekuta vumbi jeupe na sauti ya nyundo, na wewe katikati, peke yako. Niambie kama umezivunja kwa hasira. Kama ni kwa sababu ya barua yangu, basi mimi ndiye niliyezivunja, na sitajisamehe. Kazi ile ilikuwa nzuri. Nilikwambia kweli kwa sababu nilidhani wewe unaweza kuibeba.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanapili


Malindi
30 Septemba 2024

Dada yangu Bi Mwanapili,

Shikamoo, tena shikamoo ya kweli safari hii. Ile ya mara ya mwisho ilikuwa ya mdomoni.

Nilikasirika siku tano. Siku ya sita nilimwambia Ummukulthum, twende tukatembee horini, mimi na wewe. Alishangaa, maana sijamwambia hivyo tangu tumeoana. Akavaa. Tukatoka, tunakwenda sambamba, ananihadithia mambo ya mdogo wake wa Kendwa na bosi wake wa hoteli, nacheka. Mke wangu ana hadithi, dada, nilikuwa nimesahau. Tukafika kwenye kipande changu. Hatua ishirini kabla ya baraza ya kwanza akanyamaza. Akavuta baibui. Akahama kutoka ubavu wangu wa kushoto akaja kulia, ukutani, mimi nikawa kati yake na wale waliokaa. Hatua zake zikawa fupi. Muhiddin na wenzake wakatuamkia vizuri kabisa, shemeji hujambo, akajibu kwa sauti ambayo mimi siijui. Tulipoipita ya nne ndipo akavuta pumzi, na ile hadithi ya Kendwa hakuimaliza.

Hakuna aliyemkosea. Hicho ndicho kilichoniuma. Kama kungekuwa na mtu wa kumgombeza ningemgombeza, nikalala. Nikamuuliza kwa upole, kama ulivyonielekeza, anapita wapi kwenda sokoni. Akasema nyuma ya maghala. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu umenioa. Kwenye baraza ya mtaani kwetu unakaa wewe."

Miaka thelathini na mitatu, dada. Na mimi nilikuwa nikijisifu kwamba nawajua wote wanaopita.

Siku ya Jumamosi nilikwenda kwa Ulfat kabla ya mkutano. Niliaga na kuamkia mara mbilimbili ili kulipa ile ya mwanzo. Nikamwambia usizing'oe, nipe mwezi mmoja, nitazivunja mwenyewe na kuzijenga upya zikitazama maji. Akaniuliza, "Na adabu, fundi?" Kwani katika siku zile za hasira nilikuwa nimempigia simu na makelele hayo hayo ya visogo. Nikamwambia anayetaka kumwamkia mtu atainuka ageuke. Salamu ikitaka kuinuka ndiyo itakuwa salamu. Mkutanoni sikuingia, maana nikipewa nafasi ya kusema nisingenyamaza mapema, na safari hii nilitaka waseme wanawake. Naambiwa walisema, na walisema mengi, na mwisho nikapewa ule mwezi.

Kuhusu nyundo: sikuvunja kwa hasira. Ila nitakwambia kitu cha kunisifu. Zilinikatalia. Siku ya kwanza nzima nimepata nusu ya baraza moja. Chokaa ile imeshikana na jiwe mpaka nyundo inaruka. Nilikaa juu ya kifusi changu mwenyewe nikacheka, nikasema Mabrouk, umejenga. Muhiddin alikuja siku ya pili na nyundo yake, akinitukana. Akasema nimeingiwa na wazimu wa kike. Lakini alipiga mpaka jioni.

Sasa zina mgongo mrefu upande wa njia, unafika kifuani mwa aliyekaa. Lipu ya mwisho naipiga wiki ijayo. Njia imepata nusu hatua zaidi kwa sababu miguu ya watu sasa iko upande wa maji. Sikualiki. Utakuja siku unayotaka, au usije.

Nduguyo aliyeona haya kidogo,
Mabrouk


Chwaka
5 Novemba 2024

Mabrouk,

Marahaba, mdogo wangu. Sikukujibu mapema kwa sababu jibu lenyewe nilitaka kulileta kwa miguu.

Nilikuja Jumanne iliyopita. Sikumwambia Tahir, sikumwambia wifi. Nilitokea upande wa Malindi saa kumi na moja jioni. Walikuwepo wanawake wengi, Mabrouk. Wawili wana vigari vya watoto. Mabinti wanne wa skuli wanagombana kwa sauti kubwa habari ya hesabu. Mama mmoja mnene anatembea haraka na viatu vya mpira chini ya baibui, anahesabu hatua zake kwa tasbihi. Hakuna aliyekuwa akivuta kitambaa.

Baraza zimejaa, visogo vimepangwa kama ulivyoogopa, na wanaume wote wametazama hori. Baraza ya kwanza ulikuwepo wewe, kofia imelala upande. Ulikuwa unamwambia Muhiddin kwamba lipu ile itakaa miaka mia, na yeye anasema themanini. Nilikuwa nyuma yako kabisa. Ningenyoosha mkono ningeigusa kofia yako.

Sikukuita. Hukuniamkia, wala sikukuamkia, na wewe ni mdogo wangu wa tumbo moja. Kwa mara ya kwanza maishani nimepita baraza ya Malindi, ya wanaume wa Malindi, bila ya kuwa binti wa fulani, dada wa fulani, anatoka wapi na mbona saa hizi. Nilikwenda mwendo wangu. Niliweka kiganja juu ya mgongo wa baraza nikakipitisha mpaka mwisho, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ni laini kama ulivyosema.

Nilijivuna mpaka nikaogopa nitaonekana. Nilitamani kumwambia yule mama wa viatu vya mpira kwamba fundi aliyejenga hizi alizijenga mara mbili, na ile ya pili ndiyo kubwa, kwa sababu mara ya kwanza alijenga anachokijua na mara ya pili alijenga asichokijua mpaka alipoambiwa. Sikumwambia. Nilikuwa na kazi ya kutembea.

Nilimwandikia Ulfat kumshukuru, naye amenijibu. Anasema hadi Gulioni zitajengwa kwa mfano huo huo, na wewe ndiye utakayefundisha mafundi. Hilo bila shaka umeshalisikia, na mtaa mzima umeshalisikia kutoka kwako. Jisifu, nakuruhusu.

Nilifika mwisho wa kipande chako, mahali njia inapoishia kwenye mchanga na kamba ya wajenzi. Jua lilikuwa bado lipo. Gari ya Chwaka ilikuwa inaningoja Darajani na nilijua nitaichelewa.

Nikarudi, nikapita tena.

Dada yako,
Mwanapili